Kitufe cha Pole

Nchi ipo, msidhani naitunga. Jina lake limenitoka, na hata lingenirudia nisingelitaja, maana wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa kusifiwa, na leo sikujiandaa kusifu. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye bendera nzuri, na yenye tovuti.

Tovuti hiyo iliitwa Uwanja wa Wananchi. Ilikuwa chini ya Wizara ya Mawasiliano na Furaha ya Umma, na kila raia mwenye simu alikuwa na ukurasa wake humo. Ukipata mtoto, unatangaza Uwanjani. Ukipotelewa na mbuzi, Uwanjani. Ukiona serikali imefanya jambo jema, napo ulikuwa huru kabisa kutangaza. Zamani watu waliweza hata kuandikiana maneno chini ya matangazo, lakini sanduku la maoni lilifungwa kwa ajili ya maboresho siku chache kabla ya uchaguzi, na maboresho si kitu cha kufanywa kwa pupa. Uchaguzi ule ukapita, ukaja mwingine, sanduku bado linaboreshwa. Likifunguliwa litakuwa zuri sana, nina hakika.

Kilichobaki chini ya kila tangazo kilikuwa kitufe kimoja. Kiliandikwa HONGERA.

Kwa mahesabu ya Wizara kitufe hicho kilitosha, kwa kuwa mambo yote yaliyotokea katika nchi ile yalikuwa mazuri. Na wananchi walikizoea. Wale ni watu wenye adabu zao. Mtu akikueleza jambo lake huwezi kumtolea macho tu kama hujasikia, lazima umwitikie. Basi mtu akitangaza harusi, walibonyeza Hongera. Na akitangaza kwamba nyumba imeungua na vyombo vyote vimekwenda? Wafanyeje sasa, wakae kimya kama hawana utu? Walibonyeza Hongera.

Siwatu Mapande, fundi wa kushona sare za shule, alikuwa raia mwema kama wengine. Kila asubuhi, chai ikiwa mkono wa kushoto na simu mkono wa kulia, alipitia Uwanja kutoka juu mpaka chini akibonyeza Hongera kila tangazo, bila kusoma sana, kama mtu anayepukuchua mahindi. Akimaliza, anakaa kwenye cherehani. Hakuwahi kuona ubaya wa kitufe kile mpaka siku aliyofariki mumewe.

* * *

Mumewe, Machano, alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi. Alianguka asubuhi akijaza tairi upepo, na saa sita mchana hakuwa tena wa dunia hii. Akazikwa siku ileile alasiri.

Dada yake pekee, Kibibi, alikuwa ng'ambo ya mto, huko Mbweleo, na wiki ile ile mvua ilikuwa imelizoa daraja. Hakukuwa na njia ya kuvuka. Kibibi hakumwona kaka yake, hakusikia hata sauti ya watu wakimsalia. Alichokuwa nacho mkononi ni simu tu.

Siwatu alitangaza Uwanjani kama ilivyo ada: "Mume wangu Machano ametutoka. Sisi ni wa Mungu." Hata hajaiweka simu chini, ikalia. Mtu wa kwanza ameshaitikia. Akatazama.

Kibibi. Hongera.

Wakafuata wengine mamia kwa mamia. Shekhe wa mtaa, hongera. Mwalimu mkuu aliyekuwa akimpa tenda za sare, hongera. Benki moja ambayo Machano hakuwa na akaunti nayo, hongera, pamoja na alama ya ua. Siwatu hao wote aliwasamehe. Lakini Kibibi! Tena wa kwanza! Mawifi hawa walikuwa na maneno yao ya chini kwa chini tangu siku ya harusi, mambo ya nani alipika pilau likaungua na nani alimcheka mwenzake, na sasa Siwatu akaona yote yamejileta mezani.

"Kanipongeza," alimwambia jirani yake, Bi. Rukia, huku machozi yanamtiririka. "Kaka yake kafa, mimi nimekuwa mjane, yeye ananipongeza mbele ya nchi nzima."

"Hebu acha wewe!" alisema Bi. Rukia. "Kitufe kipo kimoja. Ulitaka abonyeze nini, kengele ya mlango?"

"Angenyamaza."

"Angenyamaza ungesema wifi yako hana utu, hajashtuka hata kidogo. Nakujua mimi."

Siwatu alijua kwamba ni kweli, na ndiyo maana alikasirika zaidi. Kibibi alipiga simu jioni ile, Siwatu hakupokea. Akapiga kesho yake, hakupokea. Kwa muda mrefu alikuwa akipiga kila Ijumaa, na kila Ijumaa Siwatu aliitazama simu ikilia juu ya cherehani mpaka ikachoka.

"Aliniaibisha hadharani," alisema. "Basi anipe pole hadharani. Akinipa pole palepale aliponipa hongera, nitaipokea simu yake. Si kabla."

Ila pale hapakuwa na pa kubonyeza pole. Kwa hiyo eda ilipokwisha, Siwatu alivaa gauni lake la kijivu, akafunga mlango, akaenda Wizarani kuomba kitufe.

* * *

Wizara ilikuwa na Idara ya Vitufe. Idara hiyo ilisimamia kitufe kimoja nilichokwisha kukitaja, na kwa sababu kazi ilikuwa nzito ilikuwa na Mkurugenzi, Naibu Mkurugenzi, na Kaimu wa Naibu kwa siku ambazo Naibu alikaimu Ukurugenzi. Mkurugenzi aliitwa Bwana Kheri Ngwali, mtu mpole, mnene kiasi, anayependa watu.

"Karibu mama, karibu sana!" alisema akimvutia kiti. "Pole na safari. Pole na jua. Na pole kwa kukusubirisha pale nje tangu asubuhi, tulikuwa kwenye kikao."

"Ahsante, baba. Na hiyo ndiyo iliyonileta."

"Ipi?"

"Hiyo pole. Naomba muitie kwenye Uwanja. Kitufe cha Pole, kando ya Hongera."

Bwana Kheri alikaa vizuri kwenye kiti chake. Halafu akaeleza, kwa upole uleule, kwamba kuna pole ya mdomoni na kuna pole ya kiserikali. Ya mdomoni yeye alikuwa tayari kumpa hata gunia zima. Ya kiserikali ilikuwa na mchakato wake.

"Mume wangu amekufa," alisema Siwatu.

"Lo! Pole sana, mama. Pole sana, sana." Na macho yake yakalowa kweli; sisemi uongo, hakuwa mtu mbaya.

Katika ofisi ile alikuwepo fundi wa mitambo, Bi. Raya, mama wa makamo aliyekuwa ameketi pembeni na kikombe cha chai. Mazungumzo yakiendelea, yeye aligeukia kompyuta yake, akagongagonga, na chai haijapoa akasema, "Kipo."

Wakainuka kutazama. Kweli, kilikuwepo, chini ya tangazo la Machano, kando ya Hongera: kitufe kidogo cha rangi ya majani makavu, kimeandikwa POLE. Siwatu alikigusa kwenye kioo kwa ncha ya kidole. Mwili ulimsisimka.

Bwana Kheri naye mwili ulimsisimka, lakini kwa njia nyingine. "Bi. Raya," alisema taratibu, "nani amekizindua hiki?"

"Hakuna."

"Nani ameweka jiwe la msingi?"

"Mkurugenzi, hiki ni kitufe cha tovuti. Hakina msingi."

"Ndicho ninachosema! Kimesimama bila msingi! Kitu kikimalizika kabla ya kuwekewa jiwe la msingi, mgeni rasmi ataweka nini? Ataweka jiwe la mwisho?" Akafuta jasho. "Kibomoe. Kibomoe mara moja, kabla Waziri hajasikia kwamba kipo."

Bi. Raya akakibomoa, kazi iliyochukua muda mfupi kuliko kukohoa. Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo kwa kosa la kukamilisha mradi ambao haujaanza. Siwatu yeye alipewa soda, na ahadi kwamba ombi lake ni muhimu sana na linafanyiwa kazi.

Jambo hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Lilifanyiwa kazi mno.

* * *

Iliundwa Kamati ya Taifa ya Kubainisha Pole. Siwatu alialikwa kuhudhuria, maana sheria ilitaka kamati iwe na mwananchi, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kiti chake kiliandikwa MWOMBAJI. Hakuruhusiwa kusema, ila aliruhusiwa kutikisa kichwa.

Katika kikao cha kwanza mjumbe kutoka Wizara ya Barabara alinyanyua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tusiende kwa pupa. Mtu akirudi kutoka safari, watu humwambia nini? Pole na safari. Sasa mtu atangaze Uwanjani kwamba amefika salama, halafu apate pole elfu tatu. Anayesoma ataelewaje? Ataelewa kwamba barabara zetu ni mbaya!"

Wajumbe waliguna kwa hofu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Mjumbe kutoka Kazi akasema yeye ana jambo zito zaidi, maana huko mitaani watu wana tabia ya kuambiana pole na kazi. Je, kazi katika nchi hii ni msiba? Mjumbe kutoka Afya akaungana naye, kwa kuwa wagonjwa hupewa pole hata kama wametibiwa katika hospitali ya serikali, jambo aliloliona kuwa la uchochezi. Mjumbe kutoka Maji alishika kichwa tu. Aliyeunga mkono kitufe bila wasiwasi alikuwa mjumbe kutoka Makaburi. "Sisi," alisema, "hatujawahi kulalamikiwa na mteja."

Siwatu alitikisa kichwa mpaka shingo ikamuuma.

Kamati ikaona ni vyema ijifunze kwa wenzetu walioendelea katika huzuni. Wajumbe wakasafiri kwenda nchi moja ya baridi kali, wakakaa huko mwezi mzima, wakarudi wamevaa makoti mazito ambayo hawakuyavua hata juani.

"Mmeona nini huko, baba?" Siwatu alimuuliza Bwana Kheri mlangoni.

"Pole na kutungoja, mama. Tumeona mengi. Wana vitufe sita wenzetu, cha kucheka, cha kulia, cha hasira, cha kila kitu." Akashusha sauti. "Lakini hawana furaha."

Ikaja rasimu ya kwanza, iliyopendekeza kitufe kiandikwe HONGERA KWA MSIBA. Ikakataliwa. Ya pili ilipendekeza USIJALI. Mjumbe wa Afya akasema serikali haiwezi kumwambia mwananchi asijali ilhali inamhimiza kujali. Ya tatu ilirudi kwenye POLE, kwa sharti kwamba iwe ndogo kidogo kuliko HONGERA, ili mgeni akiitazama nchi aone furaha kwanza.

Wakati huo mvua zimenyesha zikaisha, zikaja nyingine. Kule Mbweleo daraja lilikuwa limewekewa jiwe la msingi, jiwe zuri la marumaru, na watu walivuka kwa kukanyaga juu yake ili waufikie mtumbwi. Simu za Ijumaa zilipungua. Ikapita Ijumaa moja bila simu kulia, ikapita nyingine. Siwatu alijikuta anasimamisha cherehani ili asikilize. Hakupenda jambo hilo, na hakumwambia mtu.

"Mpigie wewe," alisema Bi. Rukia, ambaye alikuwa anaona kila kitu.

"Sina neno la kumwambia."

"Neno si hilo unalolihangaikia Wizarani kila siku? Linakutoka mdomoni bure."

"Aanze yeye," alisema Siwatu, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

* * *

Siku ya uzinduzi ilifika bila kutarajiwa, kama zifikavyo siku hizo, karibu na uchaguzi.

Kwa kuwa kitufe cha tovuti hakishikiki, na mgeni rasmi hawezi kukata utepe wa kitu kisichoonekana, Wizara ilijenga kitufe cha zege katika uwanja wake. Kilikuwa na ukubwa wa kitanda cha watu wawili, kimepakwa rangi ya majani makavu, kimezungushiwa utepe. Mbele yake lilikuwepo jiwe la msingi, ambalo lilizinduliwa mwaka uliotangulia kwa sherehe yake yenyewe. Nyuma yake kulikuwa na skrini kubwa ya kuonyesha Uwanja. Bi. Raya alifichwa ndani ya jengo, akaagizwa akiwashe kitufe cha kweli atakaposikia matarumbeta, si sekunde moja kabla.

Siwatu alikaa mstari wa mbele, na kofia kichwani iliyoandikwa POLE NI YETU SOTE. Simu yake ilikuwa kwenye pochi, na pochi ameikumbatia kwa mikono miwili. Hakuwa na hakika kama Kibibi bado anaingia Uwanjani. Hakuwa na hakika hata kama yu mzima.

Waziri akapanda jukwaani. Aliitwa Mheshimiwa Profesa Injinia Pandu Sharifu Pandu, na alikuwa na sauti isiyohitaji kipaza sauti, lakini alipewa viwili.

"Ndugu wananchi! Ziko nchi ambazo humpa mwananchi pole kwa maneno matupu. Sisi tumesema hapana! Sisi tunampa mwananchi pole kwa miundombinu!"

Vigelegele.

"Waliotutangulia hawakuwapa pole. Miaka yote hiyo mlihuzunika kienyeji, bila mpango, kila mtu na lake. Kuanzia leo, mwananchi wa nchi hii yuko huru kusikitika, kwa utaratibu!"

Vigelegele tena. Akakata utepe, akaweka viganja vyote viwili juu ya lile zege, akalisukuma huku amekunja uso kwa bidii. Matarumbeta yakalia. Ndani ya jengo, Bi. Raya akagusa kompyuta yake kwa kidole kimoja.

Kwenye skrini ikatokea picha ya Waziri akibonyeza zege. Chini yake Hongera, na kando yake, kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa lile, Pole.

Nchi nzima ilikuwa imekaa na simu mkononi. Namba zikaanza kupanda. Hongera zilikuwa kumi na mbili, zote za watumishi wa idara. Pole zikafika elfu, zikafika elfu tisa, skrini ikaanza kuandika kwa herufi ndogo ili namba zienee.

"Mnaona!" alipaza sauti Waziri. "Mnaona wananchi walivyokuwa na kiu!"

Bwana Kheri alimsogelea akamnong'oneza jambo sikioni. Waziri akaendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilibaki usoni peke yake.

Wananchi walikuwa wameanza kurudi nyuma. Tangazo la mradi wa maji, pole. Tangazo la jiwe la msingi la daraja la Mbweleo, pole. Matokeo ya uchaguzi uliopita, pole laki moja na ushee, na zilikuwa zinaongezeka. Ilipotokea picha ya Mkuu wa Nchi akikata keki ya siku yake ya kuzaliwa, na pole zikaanza kumiminika chini ya keki, matarumbeta yalinyamaza bila kuambiwa. Mjumbe kutoka Barabara aliondoka kwa mlango wa nyuma, akiwa na koti lake.

Katika kizaazaa hicho ndipo pochi ya Siwatu ilipotetema.

Akaitoa simu. Tangazo la Machano, lile la zamani, lililokwisha kusahauliwa na kila mtu. Pole, moja. Wa kwanza, na wa pekee.

Kibibi.

Siwatu alilia. Alilia hapohapo mstari wa mbele, na kofia kichwani, bila kujali nani anatazama. Alipopata pumzi akaufungua ukurasa wa wifi yake, ambao hakuwahi kuukanyaga tangu msiba, ili naye amrudishie. Akashuka chini, akashuka, mpaka akaikuta picha ya zamani iliyowekwa siku ile ya msiba: Machano kijana, ameshika baiskeli, na mtoto wa kike ameketi nyuma anacheka. Chini yake Kibibi alikuwa ameandika: "Kaka yangu. Alinipeleka shule kwenye hii mpaka darasa la saba. Leo wamemzika na mimi niko ng'ambo ya mto."

Palikuwa na Hongera nyingi. Siwatu akatazama majina. La tatu kutoka juu lilikuwa lake.

Alilitazama kwa muda mrefu. Hakukumbuka kabisa kubonyeza. Labda asubuhi ya matanga, watu wamejaa ndani, simu mkononi, akipukuchua kama kawaida. Kibibi alikuwa ameliona. Na bado alipiga kila Ijumaa.

"Mungu wangu," alisema Siwatu, "mimi ni mtu wa namna gani?"

Akapeleka kidole kwenye Pole. Kabla hakijagusa kioo, kitufe kilififia, kikawa cha kijivu, kikatoweka. Mahali pake pakatokea maandishi madogo: "Huduma hii imesitishwa kwa muda kwa ajili ya maboresho." Kilikuwa kimeishi kiasi cha kunywa chai.

Siwatu akabaki na kidole hewani. Halafu akaitafuta namba ya Kibibi, akapiga.

Ililia kidogo tu.

"Wifi," alisema Siwatu.

Upande wa pili palisikika kuku, na mtu akivuta pumzi.

"Wifi, nilikupa hongera. Nimeiona leo."

"Na mimi nilikupa," alisema Kibibi. "Kilikuwa hicho hicho."

"Pole, wifi yangu. Pole kwa kaka yako. Hukumwona."

"Pole na wewe. Pole kwa mumeo." Akapenga kamasi. "Alikuwa ananibeba kwenye baiskeli, unajua?"

"Najua. Nimeona picha. Nisimulie."

Kibibi akasimulia. Siwatu alisikiliza huku analia na kofia imemshuka machoni, na juu ya jukwaa Waziri alikuwa akitangaza kuundwa kwa kamati ya kuchunguza ni kwa nini kitufe cha Pole kilitumika kwa pole.

* * *

Asubuhi iliyofuata Wizara iliweka Uwanjani picha ya sherehe. Ilikuwa picha ya Siwatu, simu sikioni, uso umelowa chapachapa, na maelezo chini yake: "Mwombaji akitokwa na machozi ya furaha baada ya serikali kumaliza kero yake."

Chini ya picha palikuwa na kitufe kimoja. Siwatu, chai mkono wa kushoto, akatazama nani amekuwa wa kwanza kukibonyeza.

Kibibi. Hongera.

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sare za watoto wa watu.